Modeli ya gari imekuja na rangi yake kwenye plastiki: upige rangi au uiache?

Unafungua boksi la modeli ya plastiki ya kuunga mwenyewe, unatoa bodi ya gari kwenye mfuko wake wa nailoni, unakuta ni nyekundu tayari, tena inang'aa, na picha ya juu ya boksi gari ni nyekundu ileile. Swali linakuja lenyewe hapo, sasa nihangaike na rangi ya nini wakati rangi ipo? Ni swali la maana kabisa na watu wanalijibu kwa kukurupuka, mmoja atakwambia modeli ambayo haijapigwa rangi ni toi tu, mwingine atakwambia kiwanda kimeshamaliza kazi wewe unga tu ukaiweke kabatini. Mimi nimeunga za kila namna, kuna ambazo nilizipiga rangi wakati hazikuhitaji na kuna ambazo niliziacha wakati zilikuwa zinalilia rangi, na nilichokuja kuona ni kwamba jibu lipo kwenye ile ile bodi uliyoishika mkononi. Inabidi uisome kwanza. Dakika kumi za kuikagua kwenye mwanga mzuri kabla hujakata hata kipande kimoja kwenye fremu, yaani vile vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande, zinakuokolea wiki nzima ya kuhangaika baadae.

Kwanza tuelewane hiyo rangi ya ndani ni kitu gani. Plastiki ya modeli hizi karibu zote inaitwa polistairini. Kiwandani inaanza kama punje punje, inachanganywa na rangi, inayeyushwa, alafu ule uji unasukumwa kwa presha kubwa kuingia kwenye kalibu ya chuma, ukipoa inatoka fremu ikiwa na vipande vyake. Kwa hiyo ule wekundu haujapakwa juu, umeingia mpaka ndani kabisa, ukikwaruza chini yake ni nyekundu vilevile, kona ya mlango ikigongwa haioneshi jeraha jeupe. Hii ni faida kubwa na rangi ya kopo haiwezi kukupa. Ila gari halisi halijatengenezwa hivo, gari halisi ni bati, juu yake praima ambayo ni rangi ya msingi, juu yake rangi, juu kabisa klia ambayo ni rangi ya maji maji isiyo na rangi ya kung'arisha, na mwanga hauvuki bati. Kwenye plastiki mwanga unaingia kidogo ndani kabla haujarudi kwenye jicho, ndo maana unaona kitu kama mshumaa au kipande cha sabuni hivi. Ule utoi ambao watu wanausema unatokea hapo, wala siyo kwamba rangi yenyewe ni mbaya.

Na siyo kwamba watengenezaji hawajui. Kuna seti zimetengenezwa makusudi usipige rangi, mfano The Snap Kit za Aoshima za skeli ya 1/32, yaani modeli ni ndogo mara 32 kuliko gari halisi, vipande vinabanana bila gundi na rangi tayari, na Bandai kwenye maroboti yao wametenganisha rangi kipande kwa kipande mpaka mtu anamaliza bila kugusa brashi. Lakini kuna seti nyingi za 1/24 na 1/25, hasa zile za zamani za Marekani za AMT na MPC, ambazo plastiki ya rangi iliwekwa kumsaidia anayeanza tu, hakuna aliyekaa akapanga kila kipande kiwe na rangi yake, kwa hiyo unakuta mpaka injini na viti vimetoka vyekundu kama bodi. Hizo mbili usizipime kwa kipimo kimoja.

Jinsi ya kuisoma bodi

Kitu cha kwanza nafanyaga, nazima taa ya chumba, nawasha tochi ya simu naiingiza ndani ya bodi kama vile nawasha taa ndani ya nyumba. Bodi nyeusi au ya bluu iliyokolea haitaonesha kitu. Nyeupe, njano, na nyekundu nyingi zitawaka kama kibatari, na utaona sehemu plastiki ilipo nyembamba, mara nyingi kwenye paa na kwenye nguzo za madirisha. Ikiwaka kidogo siyo tatizo, kuna dawa yake ntaisema mbele. Ikiwaka mpaka unaona vidole vyako vimeshika upande wa pili, basi bodi hiyo ukiiacha tupu hata mchana utaona kivuli cha viti na dashibodi kwa ndani, na hapo imeshahukumiwa, inahitaji rangi.

Alafu washa taa tena, ishike bodi karibu na balbu uigeuze taratibu, unatafuta michirizi. Uji wa plastiki ukiingia kwenye kalibu unatembea, na pale mikondo miwili inapokutana unabaki mstari au wingu, kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Kwenye plastiki ya rangi kavu, isiyo na chenga, ni kidogo au haipo. Kwenye plastiki ya rangi ya metaliki, yaani ile ya fedha au ya bluu yenye chenga chenga za kung'aa, ipo karibu kila mara, na ubaya wake haiko juu tu, iko ndani ya unene wa plastiki, ukipiga msasa unaikuta palepale chini. Metaliki ya plastiki mimi sijawahi kuiona ikipendeza kwenye gari. Hapo siumizi kichwa, napiga rangi.

Cha tatu ni mistari ya kalibu. Bodi ya gari ni kama kikombe chenye pande zilizopinda ndani, kwa hiyo kalibu yake haiwezi kufunguka juu na chini tu, inafunguka na pembeni, na pale vipande vya chuma vinapokutana bodi inabaki na ukingo mwembamba kama unywele. Tafuta juu ya madigadi za mbele, inapanda na nguzo ya kioo cha mbele, inafuata ukingo wa paa, inashuka madigadi za nyuma mpaka kona ya bampa. Pitisha ukucha, utaisikia. Huu mstari gari halisi halina, na ukiuacha hakuna polishi wala klia itakayouficha, tena ikishang'aa ndo inaonekana zaidi. Lazima uondolewe iwe unapiga rangi au hupigi, kwa hiyo angalia tu kama ni mwembamba au kama kuna ngazi kabisa, upande mmoja umekaa juu ya mwenzake.

Baada ya hapo weka pamoja vipande vyote ambavyo kwenye gari halisi vina rangi ya bodi. Bampa, saiti mira, boneti kama imetengana, spoila, vifuniko vya taa. Viko kwenye plastiki ya rangi ileile? Hapa ndo watu wengi wanakwama katikati ya kazi, bodi imekuja nyekundu safi alafu bampa ya nyuma iko kwenye fremu nyeusi pamoja na chasisi, na utatafuta kopo la rangi linalofanana na ile plastiki usilipate, linakaribia tu, na kukaribia kwenye rangi kunaonekana vibaya kuliko kutofanana kabisa. Kama ni saiti mira peke yake unaweza kuziacha nyeusi, magari mengi tu yana mira nyeusi. Kama ni bampa nzima, piga rangi gari lote.

Na ujiulize gari lenyewe ni gari gani. Volkswagen Beetle ya zamani, Mini, Fiat 500, haya mengi yalitoka na rangi kavu tupu zisizo na chenga, na plastiki iliyopolishiwa vizuri inafanana nayo sana, yaani mtu asiyejua hatajua. Gari la mbio lenye rangi moja na stika nyingi pia linakubali, sababu jicho linaenda kwenye stika. Lakini gari la kisasa lenye rangi ya lulu au metaliki iliyokolea, plastiki haiwezi kulifikia hata ufanyeje.

Ukiamua kuiacha

Kuiacha hakumaanishi kubanana vipande na kuondoka. Watu wakisema sijapiga rangi wakati mwingine wanamaanisha sijafanya kazi, na modeli inaonekana hivo. Hii njia ina kazi yake, ni kazi ya msasa na uvumilivu.

Osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha zikauke zenyewe. Kukata vipande fanya mara mbili, kwanza kata mbali na kipande uache kijiti, alafu kata tena karibu uache kama nusu milimita, iliyobaki ondoa kwa kisu kikali na msasa. Ukikata mara moja kwa nguvu karibu na kipande, plastiki inavutika na kuweka alama nyeupe, na kwenye plastiki ya rangi alama nyeupe ni kovu, hakuna rangi ya kuja kuifunika. Ikishatokea jaribu kuisugua kwa nguvu na mgongo wa ukucha, nyingi zinarudi, na ikigoma chukua gundi ya plastiki, ile nyepesi kama maji, uguse kidogo sana na brashi yake, inayeyusha ngozi ya juu na rangi inarudi. Nasema uguse kidogo, siyo kupaka, na ukishagusa usiweke kidole mpaka ikauke kabisa, alama ya kidole kwenye plastiki laini inabaki milele.

Mistari ya kalibu ikwangue kwa mgongo wa kisu, kile kisu ukishike kama kimesimama ukivute, kinatoa unga mwembamba, ukiona inaanza kupotea hamia kwenye msasa wa maji. Mimi naanzia namba 800, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi, kama mstari ni mwembamba naanzia 1000, naenda 1500, 2000, 3000, na kila hatua nabadilisha upande wa kusugua ili nione kama mikwaruzo ya hatua iliyopita imeisha. Hapa usirukie. Ukiruka kutoka 1000 kwenda kwenye kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, utasugua mpaka mkono uchoke na mikwaruzo itabaki inakuangalia. Baada ya 3000 ndo kompaundi, Tamiya wana tatu, ya kukwaruza, laini, na ya kumalizia, kila moja na kitambaa chake usichanganye, punje moja ya ile ya kwanza ikiingia kwenye kitambaa cha mwisho imeharibu kazi. Sugua kwa mkono. Mashine ndogo ya kuzungusha inavutia kwa sababu inamaliza haraka, lakini polistairini inaanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi na msuguano wa mashine unafika huko kwenye doa dogo ndani ya sekunde chache, unakuta umechimba shimo kwenye boneti.

Polishi bodi yote hata kama mstari ulikuwa sehemu moja tu. Ngozi ya plastiki inavyotoka kwenye kalibu ina mng'ao wake, na sehemu uliyosugua itakuwa na mng'ao mwingine, kwa hiyo ukifanya kipande utaona kiraka.

Kama kuna kishimo au upenyo wa kujaza, puti ya kawaida huwezi kutumia sababu ni kijivu au nyeupe na itabaki inaonekana. Dawa ninayoipenda ni hii, chukua vijiti vya fremu ya rangi ileile ya bodi, vikate vipande vidogo vidogo, vitie kwenye chupa ya gundi nyembamba ya plastiki iliyobaki kidogo chini, acha usiku kucha, kesho utakuta uji mzito wa rangi ileile ya gari lako. Hiyo ndo puti yako. Jaza ipande kidogo juu ya usawa maana inanywea ikikauka, alafu subiri siku kadhaa, mimi siku tano naziona chache, ndani inakuwaga laini wakati juu imeshakuwa ngumu na ukiisuguaga mapema itakuja kuzama baadae ukiwa umeshapolishi. Ikikauka vizuri ukaisawazisha huwezi kujua ilikuwa wapi.

Ile dawa ya kuzuia mwanga sasa. Kama bodi iliwaka kidogo kwenye tochi, unapiga rangi upande wa ndani. Ziba madirisha yote na matundu ya taa kwa tepu kutokea nje ili vumbi la rangi lisitoke, alafu puliza ndani tabaka jembamba la rangi ya fedha, likikauka ndo unaweka nyeusi juu yake. Usianze na nyeusi moja kwa moja, tabaka lililogusa plastiki ndilo linaloonekana kutokea nje, nyeusi nyuma ya njano inaifanya njano iwe kama imechafuka, wakati fedha inarudisha mwanga na rangi inachangamka. Kazi ndogo hii inaondoa nusu ya utoi wote, na sielewi kwa nini haisemwi zaidi. Tabaka ziwe nyepesi tu, ukimwaga rangi nyingi ya laka kwenye paa jembamba, tina yake, yaani kimiminika cha kulegezea rangi, inaweza kula plastiki mpaka upande wa pili ukaona mawimbi.

Kuhusu kukoleza mistari ya milango, kuwa makini. Wino wa enameli uliochanganywa na tina ukiupitisha kwenye plastiki tupu unaingia kwenye nyufa ndogo ndogo, na sehemu ambayo imebanwa au imevutika, mfano modeli za kubanana, inaweza kupasuka kesho yake bila wewe kuigusa. Piga klia kwanza ndo ukoleze, au tumia akriliki ya maji iliyolegezwa. Na usikoleze kwa nyeusi tupu kwenye bodi nyeupe au njano, kijivu au kahawia inatosha, nyeusi inafanya milango ionekane imechorwa.

Klia juu ya plastiki tupu ipo au haipo, hapo ni wewe. Nikiwa na stika za maji, zile za kuloweka kwanza, napiga, sababu inazifunga na kuondoa ukingo wake. Nikiwa sina stika na bodi imepolishiwa vizuri, naishia kwenye nta. Klia inaongeza kina, ukweli ni huo, gari linaonekana limelowa, lakini ukipata maganda ya chungwa, yaani uso wenye vijinundu, juu yake umerudi kwenye msasa upya.

Vitu ambavyo utapiga rangi hata kama bodi umeiacha

Hapa sibishani na mtu. Mipira ya madirisha iwe nyeusi isiyong'aa sana, hii peke yake inabadilisha gari kuliko kitu kingine chochote, bodi ya plastiki tupu yenye mipira iliyochorwa vizuri inaipita bodi iliyopulizwa rangi alafu mipira ikaachwa. Ndani ya gari, viti na dashibodi, viwe vimefifia, plastiki inayong'aa kwenye kiti inaua kila kitu. Chasisi nyeusi, ekzosi rangi ya chuma. Tairi zile za mpira zipitishie msasa kwenye sehemu inayogusa barabara ule mng'ao utoke na ukingo wa kalibu uondoke. Taa za nyuma kama ni plastiki ya kioo tumia rangi inayopitisha mwanga, nyekundu na ya chungwa, na nyuma yake weka fedha. Vipande vya kromu gundi haishiki juu ya kromu, ikwangue pale unapobandika. Kwenye vioo usitumie supa gluu, mvuke wake unavifanya viwe na ukungu mweupe, tumia gundi nyeupe ya maji.

Ukiamua kupiga

Kama unapiga rangi ileile ya plastiki uko kwenye njia rahisi kuliko zote, na huu ni ushauri ambao ningempa yeyote anayepuliza bodi kwa mara ya kwanza. Plastiki nyekundu, rangi nyekundu. Kingo za ndani za milango, chini ya bampa, pembe ambazo sprei haikufika, zote tayari ni nyekundu, kwa hiyo makosa hayaonekani, na tabaka zinaweza kuwa nyembamba. Wembamba una maana kubwa kwenye skeli hizi, piga hesabu, rangi ya unene wa milimita 0.1 kwenye 1/24 ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, hakuna gari lenye rangi hivo. Ndo maana mistari ya milango inajaa. Kabla ya kupiga rangi pitia mistari yote kwa mgongo wa kisu au sindano uichimbe kidogo iwe na kina.

Kama unabadilisha rangi, hasa juu ya nyekundu, soma hapa taratibu. Rangi nyekundu iliyoko ndani ya plastiki nyingi, hasa za zamani, inayeyuka kwenye tina ya laka na ya enameli, na ikishayeyuka inapanda. Niliwahi kupiga bodi nyekundu iwe nyeupe, praima nyeupe, nyeupe juu, ikatoka safi kabisa nikafurahi, siku ya tatu naamka ni ya waridi, kwanza kwenye kingo alafu paa lote. Nikaongeza nyeupe, ikapanda tena. Kuongeza tabaka hakusaidii, kila tabaka jipya linakuja na tina mpya na inaenda kuivuta nyekundu tena. Kinachosaidia ni ukuta katikati. Rangi ya fedha inafanya kazi hiyo vizuri, chenga zake za alumini zinalala bapa moja juu ya nyingine kama magamba ya samaki na nyekundu inakosa njia, alafu juu ya fedha unaweka praima, ndo rangi yako. Ipulize kwa ukungu mwepesi unaokauka haraka, usiiloweshe. Ukiweza kutumia akriliki ya maji kwenye tabaka za mwanzo nayo inapunguza hatari.

Lakini kabla ya yote hayo fanya jaribio kwenye fremu. Chukua kipande cha fremu chenye bapa, mara nyingi kile chenye jina la seti, ukipige kila kitu kama utakavyopiga bodi, praima ileile, rangi ileile, klia ileile, ukiweke. Siku nne tano, ikiwezekana wiki. Kikibaki na rangi uliyopiga, endelea. Kikigeuka, umepoteza kijiti cha fremu tu. Hata kama unaiacha plastiki nyekundu tupu na una stika zenye michirizi myeupe, jaribu vilevile stika moja usiyoihitaji pamoja na klia, sababu wekundu unaweza kupanda kwenye stika pia.

Praima nayo ina rangi yake na ina sauti kwenye matokeo. Chini ya nyekundu na njano kijivu inazima, Tamiya wana praima ya waridi kwa ajili ya kazi hiyo hasa na inafanya nyekundu iwe moto. Njano haifuniki vizuri, ukiweka juu ya kijivu utapiga tabaka mpaka mistari ipotee. Kwenye makopo ya Tamiya angalia herufi, TS ndo za modeli za plastiki kama hizi, PS ni za bodi za polikaboneti za magari ya rimoti, usichanganye.

Kupuliza kwenyewe sitarefusha. Kopo lipashe kwenye maji ya vuguvugu ya karibu nyuzi 40, usizidishe na usiliweke kwenye moto kabisa, rangi inatoka laini zaidi. Umbali kama sentimita 20, anza kupuliza nje ya bodi, pita, maliza nje ya bodi. Tabaka mbili za ukungu kwanza, zisifunike, ndo moja ya kulowesha. Siku ya mvua au unyevunyevu acha, laka inashika maji ya hewani na kugeuka na wingu jeupe. Puliza kwenye hewa inayotembea na uvae barakoa yenye vichujio vya mkaa, barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa laka hata kidogo, na mvuke huo siyo wa kuchezea.

Modeli za kubanana zina mtego wao, rangi inaongeza unene kwenye vipini na matundu, unakuja kubana kipande kinagoma, unasukuma, kinapasuka. Ziba vipini kwa tepu kabla ya kupuliza, na matundu yapitie kidogo na kisu baada ya kukauka.

Na kwenye kukauka ndo sehemu watu wanakosa subira baada ya kufanya kila kitu vizuri. Bodi ukiigusa haishiki kidole, unadhani tayari, unaanza polishi au unabandika vioo, alama zinaingia. Iweke kwenye boksi safi lisiloingia vumbi, kila baada ya siku kadhaa fungua uinuse kwa karibu kabisa, pua iguse paa. Kama unasikia harufu ya rangi, tina bado inatoka, rudisha kifuniko.